Utani Hauna Kesi

Kijijini kwetu, upande huu wa Ulemo, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwenye mlango wa chumba chake pale kituo cha afya waliandika Mshauri Nasaha kwa rangi ya bluu, lakini hata manesi walimwita Mtani. Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, hayo muulizeni mwenyewe, mimi simo. Ninachojua ni kwamba alikuwa mtu wa Pwani, kabila lake na letu hutaniana toka enzi za mababu, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mtu niliyemwamini kama yeye. Mke wangu akisikia hivyo hununa. Anune tu, ukweli ndio huo.

Alikuwa mfupi, na shati lake la mikono mirefu alilifunga mpaka kifungo cha shingoni hata lile jua la kabla ya mvua likiwa linachoma. Akitaka kusema neno la kuchekesha, alianza kucheka yeye kwanza, mabega yakitikisika, na wewe ungecheka kabla hujajua unacheka nini. Alikula kama mchimbaji. Ugali wa uwele na mlenda, ambao wageni wengi huuvuta kwa kidole wakikunja uso, yeye aliusukuma mdomoni huku akitutukana. "Mnakula kamasi, jamani, halafu mnajiita watu!" Kisha alisogeza sahani aongezwe.

Lakini hakuanza hivyo. Alipofika alikuja na mambo ya chuoni. Alikaa nyuma ya meza, akakutazama machoni, akauliza kwa sauti laini, "Unajisikiaje leo?" Nani kijijini anajua kujibu swali hilo? Ukiulizwa hali unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Watu walisema nzuri, wakaondoka. Bibi mmoja jirani yangu alipelekwa kwake kwa sababu ya kukosa usingizi. Kijana wa watu akaanza maswali yake moja kwa moja. Bibi akamkatiza, "Mwanangu, hata shikamoo hujanipa, tayari unataka kujua nalala na nani?" Akachukua kanga yake akatoka. Hadithi hiyo ilifika sokoni kabla ya bibi mwenyewe kufika nyumbani.

Sijui usiku huo alilalaje. Najua kwamba siku chache baadaye alitoa meza ndani ya chumba, akaweka vigoda, na akawa anatoka nje kuwaamkia wazee kwenye benchi mmoja mmoja, kwa Kinyiramba kibovu kilichowachekesha hata wenye homa. Mzee mmoja akamuuliza kabila lake. Alipolitaja, mzee akampokonya kofia kichwani akaivaa. "Kumbe ni mtumwa wetu huyu! Mla pweza! Nani kakuruhusu kuvaa kofia mbele ya mabwana zako?" Benchi zima likalipuka kwa kicheko. Naye, badala ya kukasirika, akamvua mzee viatu akaondoka navyo mpaka chumbani, na mzee akalazimika kumfuata pekupeku. Waliokuwepo wanasema mzee alikaa humo ndani asubuhi nzima. Alitoka macho mekundu, kofia bado iko kichwani.

Tangu siku hiyo mlango wake haukukosa mtu. Kwetu mwanamume hasemi kwamba moyo unamuuma. Lakini kwa mtani unaweza kusema lolote, kwa sababu mtani hana hasira nawe na wewe huna hasira naye. Atakutukana, utamtukana, na katikati ya matusi hayo neno la kweli linapita bila kumwaibisha mtu. Yule bwana aliliona hilo haraka kuliko wenzake wote waliowahi kuletwa hapa. Wengine walikuja na makaratasi ya picha na semina zenye soda. Yeye alikuja na matusi, na watu wakafunguka.

Na siri alizijua kuzitunza, nisimwonee. Nje ya mlango aliweka redio kubwa, ikiimba kutwa, ili wa kwenye benchi wasisikie wa ndani. Alikuwa na maneno yake: "Siri ya mtu ni nguo yake ya ndani, haianikwi uani." Mkikutana sokoni hakukuuliza kamwe, "Vipi lile jambo letu?" Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kumdadisi kuhusu mwalimu mmoja aliyekuwa akienda pale mara kwa mara. Mtani akamjibu, "Mwenyekiti, na wewe njoo Jumatatu, nikupe cha kuficha." Mwenyekiti hakuuliza tena.

Sasa upande wa pili. Mtu yule alipenda kuchekesha watu kupita kiasi. Harusi haikupita bila yeye kushika kipaza sauti. Watu wakicheka alikuwa anavimba, na wakinyamaza alikuwa anatafuta neno jingine, kali zaidi, mpaka wacheke tena. Mke wangu, Mama Zuhura, ndiye aliyeliona kwanza. Tulikuwa tumetoka harusini. "Huyo rafiki yako akisikia kicheko hana breki," akaniambia. Nilimkaripia. Nikamwambia hajui kazi ya watu wazima. Mama Zuhura akanyamaza, na mimi nikadhani nimeshinda.

Mimi nilikuwa fundi wa visima. Nilichimba kwa mkono, kwa sururu na ndoo, na maji wanayokunywa watu wengi wa huku niliyafikia mimi. Siku moja kisima kilituporomokea, mimi na mwenzangu. Mimi walinitoa. Mwenzangu walimtoa pia, lakini kwa ajili ya kumzika. Baada ya pale sikuweza tena kushuka shimoni. Si shimo tu, hata choo nilikiingia mlango wazi, nikimweka mtoto asimame mbali awazuie watu. Nikisogelea ukingo wa shimo miguu inakufa ganzi, jasho linanitoka, nasikia mchanga masikioni. Fundi wa visima mzima, anaogopa shimo! Ningemwambia nani? Nikasema nimeumia mgongo. Watu wakanipa pole, majirani wakaja kunisaidia kupalilia alizeti, na mimi nikawa natembea nimeshika kiuno.

Ningeweza kuishi hivyo hivyo mpaka kufa. Ila baba alianza kuugua. Sisi ni Waislamu, na katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye hushuka kaburini kumpokea baba yake na kumlaza. Hamwachii mtu mwingine kazi hiyo labda awe safarini au mgonjwa kitandani. Mimi ndiye wa kwanza. Baba mwenyewe, akiwa amelala pale kwenye kitanda cha kamba, aliniambia, "Mwanangu, mgongo wako utakuwa umepona? Nataka unishike wewe." Nikasema utapona, baba. Nilitoka nje nimeshika kiuno.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mtani. Nilikaa kwenye kigoda, akanitukana kuhusu visima vyangu, kwamba maji yake yana ladha ya miguu yangu. Nikamtukana kuhusu pweza. Halafu nikajikuta namwambia yote. Mchanga, mwenzangu, mgongo wa uongo, choo, baba. Nililia mbele ya mwanamume mwenzangu. Hakuniambia nyamaza. Alisubiri nikamaliza, akafuta macho yake na yeye, akasema, "Basi tutashuka pamoja, mla mlenda. Humu ndani ndimo yatakamobaki haya uliyosema." Niliamini kila neno.

Nyuma ya kituo kulikuwa na shimo la taka la zamani, halijajaa wala halitumiki, fupi mpaka kiunoni. Tulianza na hilo. Siku za kwanza nilisimama mbali nikalitazama, basi. Baadaye ukingoni. Baadaye mguu mmoja. Kila hofu iliponishika, yeye alinirushia tusi kutoka juu. "Shuka, bwana! Mchwa wenyewe wanakuogopa wewe!" Na mimi nilimrudishia, na katika kumtafutia tusi la kumrudishia nilikuwa nimeshasahau miguu. Ndiyo ilikuwa dawa yake. Sikuisikia kwa daktari yeyote, kabla wala baadaye. Mwishowe nikawa nashuka kwenye shimo jipya la choo cha kituo, refu kunipita kichwa, nakaa chini, natazama kipande cha mbingu, na yeye juu anaimba nyimbo za kwao vibaya ili nimzomee. Nilipanda kutoka mle siku moja nikiwa nacheka. Nilimwambia, "Baba atalazwa na mikono yangu." Akanikumbatia na udongo wangu wote.

Baba alifariki asubuhi ya Ijumaa, wakati wa kuvuna alizeti. Ilikuwa siku yangu, sitaki kusema ya furaha, lakini nilikuwa tayari. Wanaume tulibeba jeneza mpaka makaburini, kijiji kizima nyuma yetu. Mtani alikuwepo, akifanya kazi ya mtani msibani kama desturi inavyotaka. Alikuwa amelala njiani mbele ya jeneza akidai marehemu hajamrudishia kofia yake. Alimwiga baba anavyokohoa na anavyofukuza kuku. Watu walicheka na machozi yakiwatoka, na mimi nilicheka. Ndivyo msiba unavyobebeka. Nilimshukuru moyoni.

Tulifika. Wakashika shuka juu ya kaburi. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akanitazama akasema, "Fundi, shuka umpokee mzee." Nikavua viatu. Nikafika ukingoni. Nikasimama.

Nataka muelewe hapo. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nasubiri miguu irudi, kama tulivyofanya pale kituoni. Nilihitaji pumzi chache tu. Watu walidhani ni huzuni, wakawa kimya kwa heshima. Nasema mbele ya Mungu, ningeshuka.

Ndipo nikaisikia sauti yake nyuma yangu. "Shuka, bwana, mla mlenda! Mchwa wanakuogopa!"

Watu wakacheka kidogo. Angeishia hapo, leo ningekuwa namwombea dua. Lakini kicheko kilikuwa kidogo. Akaongeza. "Mgongo wenyewe mzima kama wa punda! Jamani, huyu haumwi mgongo, huyu anaogopa shimo! Mpaka chooni anaingia mlango wazi! Si tulifanya mazoezi wote kwenye shimo la kituo? Shuka, acha kulialia!"

Hapo walicheka kweli. Makaburi yote yalicheka. Wazee, wajukuu, majirani waliopalilia shamba langu, wakicheka na kutazamana. Mwenyekiti alikuwa ameshika tumbo. Kisha kicheko kikaanza kukatika hapa na pale, maana watu waliona uso wangu na wakaelewa kwamba maneno yale hayakuwa ya kubuni. Miguu ikafa. Nikasikia mchanga masikioni, wote, kama siku ile ya kisima. Nikarudi nyuma hatua moja. Baba mdogo akanishika bega akanisogeza pembeni, na mtoto wa shangazi yangu akashuka akampokea baba yangu. Nilimwona baba akipita mbele yangu ndani ya sanda, akienda kwenye mikono isiyo yangu.

Tulipomaliza kuomboleza, nilikwenda kwa baba mdogo kumshitaki. Nilitaka Mtani aitwe mbele ya wazee. Akaitwa, akaja amefunga shati lake mpaka shingoni. Nikaeleza. Nikasema mtu huyu nilimwambia mambo yangu kwenye chumba cha kazi, mlango umefungwa, akaahidi yatabaki humo. Wazee wakasikiliza. Kisha wakamgeukia.

"Unasemaje?" baba mdogo akamuuliza.

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nangoja neno moja tu, na angelisema pale ningelipokea, pamoja na hasira zangu zote. Alitazama mikono yake. Akasema, "Wazee wangu, mimi pale makaburini nilisema kama mtani wenu. Sikusema kama mshauri."

Baba mdogo akatikisa kichwa polepole. "Hapo pagumu," akasema. "Mwanangu, unajua mwenyewe. Utani hauna kesi. Ukimkasirikia mtani msibani, umeivunja desturi wewe, si yeye."

"Baba mdogo, hakunitania! Alitoa siri yangu!"

"Alikutania kwa jambo la kweli. Watani wote hutania kwa jambo la kweli. Kaa chini."

Nikakaa. Na mnajua kilichofuata? Mtani akifanya kazi msibani hupewa haki yake na wafiwa. Baba mdogo akaagiza jogoo wa marehemu akamatwe, yule yule ambaye Mtani alimwigiza baba akimfukuza, na akapewa. Mke wangu ndiye aliyetumwa kumkamata. Mama Zuhura alimfunga miguu kwa kamba, akamletea, akamwekea chini miguuni badala ya mkononi, na hakusema karibu wala asante. Mtani alimwokota akaondoka naye. Angeweza kumkataa! Angemkataa tu yule jogoo, ningejua kwamba moyo wake unamsuta.

Basi nikawa Fundi Mgongo. Watoto wa shule ndio waliolianzisha jina hilo, wakubwa wakalichukua. Waliopalilia shamba langu hawakunidai kitu, ila waliacha kuja. Wengine waliniambia kwa nia njema, "Ungetuambia tu, ndugu yetu," kana kwamba ni jambo la kusema ukiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa upande wake, na yeye alivuna alichopanda. Benchi la kituo likaanza kupungua. Yule bibi wa shikamoo, ambaye baadaye alikuwa amerudi kwa Mtani, akaacha. Mwalimu akaacha. Nani angeingia mle, akijua kwamba mtu yule ndani ni mshauri na nje ni mtani, na hajui atakutana na yupi siku ya msiba wake? Redio iliimba peke yake kwa miezi, kisha akahamishwa. Hakuja kuaga. Nilisikia kwa nesi.

Kitu kinachoniuma, mpaka sasa, ni kwamba dawa yake ilikuwa ya kweli. Ningependa kusema alikuwa tapeli, nipumzike. Hakuwa tapeli. Alinishika mkono kutoka gizani akanifikisha mlangoni, halafu akanisukuma kwa ajili ya kicheko cha watu.

Mwaka jana binti yangu Zuhura, aliyeolewa Kintinku, alijifungua. Nikaenda kumwona mjukuu. Asubuhi moja nikamsindikiza kliniki ya mtoto, na wakati yeye yuko kwenye mizani na akina mama wenzake, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wee mla mlenda! Bado hujafa tu?"

Alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya shingoni ingawa kifungo kimefungwa. Mabega yalikuwa yameshaanza kutikisika, anangoja nimrudishie.

Nikamwambia, "Habari za kazi, bwana Mshauri."

Mabega yakasimama. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mtani akikutukana, unamtukana. Ukimjibu kwa adabu umemfungia mlango. Alisimama pale, mdomo wazi kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nzuri. Naomba tukanywe chai."

Sijui kwa nini nilikubali. Labda bado nilikuwa nalingoja lile neno. Tulikaa kwenye mgahawa mdogo mkabala na kliniki, akaagiza chai na chapati, na chapati yake hakuigusa. Aliuliza habari za Ulemo, mvua, alizeti. Aliuliza habari za Mama Zuhura. Habari za baba hakuuliza. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kuniambia jambo lake yeye. Jambo zito. Alisema hajamwambia mtu, na kwamba watu wote anaowajua akiwawazia anaona watacheka. Alilia pale pale mezani, mhudumu akageuza uso. Mimi sikumwambia nyamaza. Nilisubiri akamaliza, maana hivyo ndivyo alivyonifundisha.

Alipomaliza alinishika mkono. "Ndugu yangu, tafadhali," akasema. "Hili lisitaniwe."

Nikautoa mkono wangu. "Rudia."

"Hili lisitaniwe."

"Kumbe unajua," nikasema. "Unajua kwamba kuna mambo hayataniwi."

Akasogeza sahani ya chapati pembeni.

"Siku ya baba yangu, ulikuwa unajua?"

Aligeukia mlangoni. Nje akina mama walikuwa wanatoka na watoto migongoni. "Nilijua," akasema. "Nilijua maneno yakiwa bado mdomoni. Lakini walikuwa wameshaanza kucheka."

Basi. Kwa miaka yote nilikuwa nimejipa moyo kwamba mgeni yule alikosea, hakujua mipaka ya utani wetu, alitaka kunisaidia akateleza. Hata hilo akaninyang'anya. Niliinuka. Alinitazama kama mtu anayesubiri hukumu, na mimi sikuwa nayo. Sikumsamehe, na sidhani nitamsamehe. Lakini nilimwambia, "Sitalitania," nikalipia chai yangu, nikatoka.

Niliporudi Ulemo, Mama Zuhura alitaka kujua. Binti yake alikuwa amemwambia kwa simu kwamba baba alikaa muda mrefu na yule mtu, na kwamba yule mtu alionekana akilia. "Alikuambia nini?" akaniuliza. Aliuliza siku hiyo, na kesho yake, na mpaka leo huuliza, kwa sababu na yeye ana hasira naye, na jambo kama lile lingemfaa sana kumtembeza nalo kisimani.

Nikamwambia tulikunywa chai.